Nyumba ya Magazeti

Baltazari hakukaa. Alisimama katikati ya sebule ya kaka yake, kofia mkononi, akazungusha macho ukutani kama mtu aliyepelekwa kununua ng'ombe mgonjwa, kisha akasema, "Shemeji, watu wa Msanzi hatuwezi kuwaingiza humu."

Avelina alikuwa amemshikia kikombe cha chai. Alikiweka mezani taratibu, kisimwagike.

"Kwa nini, shemeji? Mlango ni mdogo?"

"Mlango hauna neno. Ni hizi kuta."

Kuta zilikuwa zimebandikwa magazeti, kuanzia sakafuni hadi kwenye boriti. Kasimiri, mume wa Avelina, aliyabandika mwenyewe enzi zile alipokuwa karani wa ushirika, na magazeti yakifika ofisini kwa basi yakiwa yamechelewa siku nne. Kila Desemba alibandika mapya juu ya ya zamani, kwa uji mzito wa unga wa muhogo, akiyanyoosha kwa kiganja asiache kikunjo hata kimoja. Watu wa Pito, kijiji chao, walikuwa wanakuja kutazama. Walisema kwa karani mtu hunawa mikono kabla ya kuegemea ukuta. Sasa ushirika ulikuwa umefungwa, moshi wa koroboi umeyafanya magazeti yawe na rangi ya chai, na kwenye kona yalikuwa yametuna kama tumbo la mtoto mwenye minyoo.

"Leonia ni mwanangu pia," Baltazari aliendelea. "Ijumaa, si hii inayokuja, ile ya pili, hao wakwe wakija kumchukua, nitawapokea kwangu mjini, Majengo. Kuna sakafu ya saruji, makochi, umeme. Nitasema neno la ukoo. Kaka atakaa pembeni yangu."

Alisema "pembeni yangu". Kasimiri alisikia, akaangalia viatu vyake. Baltazari alikuwa mdogo wake wa ziwa moja, lakini soko lilipofunguliwa na kila mtu kuruhusiwa kununua mahindi, mdogo ndiye aliyepata lori, ghala na maduka mawili. Mwaka ule vyama vingi vilikuwa vimeingia, na kila mwenye maduka mawili alijiona diwani. Kaka mtu alikuwa anampimia magunia ghalani. Mtu ukila kwake, ulimi wako huwa mzito.

Ulimi wa Avelina haukuwa mzito.

"Shemeji, ahsante. Mama yangu alikuwa na nyumba ya nyasi, lakini siku natolewa nilitoka kwenye mlango wake. Leonia atatoka kwenye mlango huu. Kama ni magazeti, magazeti yatabanduliwa."

"Kwa siku kumi na mbili?"

"Mungu aliumba dunia kwa sita."

Baltazari alicheka, akavaa kofia. Chai aliiacha.

Jumatatu asubuhi Kasimiri alikunywa uji wake akiwa ameupa ukuta mgongo.

"Hayo magazeti yamekukosea nini, mama Leonia?"

"Hayajanikosea. Yamezeeka."

"Na mimi nimezeeka. Utanibandua?"

"Wewe bado umeshika vizuri," alisema Avelina, na Leonia aliyekuwa anafagia akaficha uso nyuma ya ufagio.

Kasimiri hakucheka. Alifunga kifungo cha juu cha koti, kwa sababu Julai ya Sumbawanga upepo wake hauna huruma, akasema, "Bandueni nikiwa kazini. Sitaki kuona."

Walianza kwa kisu na kucha. Hayakutoka. Magazeti ya miaka kumi na tano yaliyoshikana kwa uji yalikuwa yamekuwa kitu kimoja, kigumu kama ngozi ya ngoma. Saa nne ilifika wakiwa wamebandua kipande kisichozidi ungo. Ndipo Bertilla, jirani wa upande wa juu, mwanamke asiyepitwa na moshi wa jiko la mtu, akaingia bila hodi.

"Mnahangaika nini? Kuku mnamnyonyoaje?"

"Kwa maji ya moto," alisema Leonia.

"Sasa?"

Waliona ni akili. Walichemsha sufuria mbili kubwa, wakamwagia ukutani kwa kata, kuanzia juu. Mwanzoni ilikuwa raha. Magazeti yalilegea, yakashuka yenyewe kwa uzito wake, shuka nzima nzima, na picha za watu wenye suti zikaanguka kifudifudi sakafuni. Kunguni walitoka mbio. Bertilla aliimba. Leonia alikimbia kwenda kuchemsha nyingine, na nyingine tena, hadi kuta tatu zikawa uchi.

Ila ukuta wa matofali mabichi si kuku. Maji yale hayakuishia kwenye karatasi. Yaliingia ndani, yakakaa humo kimya, na saa ya chakula cha mchana Avelina alisikia kitu kikisema *pwaa*. Lipu ya udongo ya upande wa dirishani ilikuwa imeshuka yote. Alipogeuka, ya upande wa pili ikafuata. Kwenye kona, matofali mawili yaliyeyuka kama sukari guru, na mwanga wa nje ukaingia pale ambapo haukuwahi kuingia. Jogoo wa Bertilla alikuja akaingiza kichwa katika lile tundu, akawatazama kwa jicho moja.

Bertilla aliweka kata chini.

"Mimi nilifikiri..." Bertilla alianza.

"Bertilla, mwenzangu, nenda kapike. Watoto wako watarudi shule."

Leonia aliketi juu ya rundo la karatasi lililoloa akalia, akiwaza watu wa Yonas, mchumba wake. "Mama, Yonas ameniambia shangazi yake ndiye anayeongoza msafara. Hata kijiko kikiwa na doa anakisema. Sasa huyu anachungulia nini?" Akamtupia jogoo kipande cha tope.

Kasimiri aliporudi jioni alisimama mlangoni muda mrefu. Kisha alipita katikati ya tope kwa kunyata, akaingia chumbani, akaketi kitandani na koti lake.

Habari za namna hiyo hazihitaji basi. Jumanne asubuhi gari dogo la Baltazari lilisimama mbele ya nyumba. Nyuma kulikuwa na mifuko minne ya saruji, na juu ya mifuko ameketi fundi mwembamba aitwaye Loth, ameshika mwiko wake wa kupigia lipu. Wakati ule mfuko mmoja ulikuwa unameza karibu magunia mawili ya mahindi, kwa hiyo majirani walitoka nje kuangalia mifuko minne kama wanaoangalia mahari.

"Nimesikia," alisema Baltazari kwa sauti iliyofika kwa wote. "Damu ni damu. Fundi atapiga lipu ya saruji, atapaka rangi, mtaonekana watu. Ila neno la ukoo nitalisema mimi. Hilo tuelewane kabisa."

Loth aliingia ndani. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akakwangua kwa ncha ya mwiko, akaonja udongo kwa ncha ya ulimi. Akatoka anajifuta.

"Mzee, kazi ni yako, mimi napaka tu. Ila nikuambie. Hapa saruji haitashika. Ijumaa itapendeza, utafurahi. Mvua za Novemba zikianza itashuka yote kwa pamoja, kama mtu anavua blanketi. Huu ukuta ni udongo mtupu. Udongo unataka udongo mwenzake."

"Nani amekuambia nataka Novemba?" alisema Baltazari. "Mimi nataka Ijumaa."

Avelina alikuwa mlangoni, mikono ina tope hadi viwikoni.

"Mimi Novemba nitakuwa humu, shemeji."

Mtu mmoja kati ya majirani alikohoa, ile ya kuzuia kicheko. Baltazari alikunja uso.

"Basi tumemaliza. Ni Majengo. Kaka, waambie."

Kasimiri alijikuna shingo. "Labda... Mama Leonia, labda tukubali tu."

Avelina alimtazama mumewe. Hakupandisha sauti. "Baba Leonia, wewe ndiye baba wa binti. Ukisema Majengo, nitafunga mzigo wangu kichwani nikufuate Majengo, na hutanisikia nikinung'unika. Lakini sema wewe. Useme kwa kinywa chako, nikusikie. Hiyo 'labda' sitaifuata."

Kasimiri alifungua kinywa. Hakusema Majengo.

"Kesho yanapakiwa malori mawili," alisema Baltazari akipanda gari. "Mtu wangu wa mizani nisipomwona saa moja, nitamweka mwingine. Ghala halingoji ukuta ukauke." Na mifuko minne ikaondoka na fundi wake juu.

Jumatano, kabla jua halijachomoza vizuri, Avelina alisikia mumewe akivaa viatu, akivaa koti, akifungua mlango. Alijua ameenda kazini. Hakumlaumu. Ghala lilikuwa chumvi yao na sabuni yao. Alikoka moto, akaweka maji, akaanza kuhesabu kichwani ni ndoo ngapi za udongo atakazobeba yeye na Leonia peke yao.

Ndipo aliposikia jembe.

Alizunguka nyuma ya nyumba. Kasimiri alikuwa amevua koti na kulitundika kwenye mti wa mkaratusi, viatu amevipanga chini yake kama mtu anayeingia kanisani, na alikuwa anakipiga kichuguu kikubwa cha mpakani kwa nguvu zote. Vidole vyake vya karani vilikuwa tayari vimechubuka.

"Udongo wa kichuguu ndio unaoshika, si ndiyo?" aliuliza bila kugeuka.

"Ndiyo."

"Basi usisimame. Lete maji."

Walichimba shimo mbele ya nyumba wakakanyaga udongo humo. Kwao kusiriba ukuta, kuupaka udongo kwa mkono, ni kazi ya wanawake, na mwanamume mwenye umri wa Kasimiri kuonekana kwenye tope hadi magotini ilikuwa habari. Urbano, ambaye zamani alikuwa tarishi wake pale ushirika, alipita na baiskeli, akafunga breki.

"Karani! Umehamishiwa ofisi gani hiyo?"

"Ofisi ya udongo," alijibu Kasimiri, akiendelea kukanyaga. "Vua viatu uingie, nafasi za kazi zipo."

"Mshahara?"

"Unalipwa matope. Hayacheleweshwi kama mshahara wa ushirika."

Urbano alicheka hadi akashuka baiskeli. Hakuingia shimoni, lakini alibeba ndoo sita za maji kabla hajaendelea na safari yake. Yeye ndiye aliyewaambia kwamba kwenye mizani ya Majengo tayari kulikuwa na mtu mwingine. Kasimiri alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akasema udongo unataka nyasi zaidi.

Tabaka la kwanza liliisha Ijumaa. Avelina na Leonia walilirusha kwa mkono, wakalilaza kwa kiganja, nusu duara juu ya nusu duara, kama magamba ya samaki. Lile tundu la jogoo walilijaza matofali mapya. Jumapili waliporudi misani walikuta ukuta wa dirishani umepasuka nyufa ndefu, kama kisigino cha mtu asiyepaka mafuta.

"Ni ndogo, mama," alisema Leonia. "Tukipaka udongo mweupe juu, nani ataziona?"

"Mimi nimeziona."

Akachukua jembe akaubomoa ukuta mzima wa dirishani, siku tano kabla ya wageni. Leonia alitaka kulia tena, akaona mama yake halii, akaacha. Udongo ule ulikuwa mkali mno. Ulitaka mchanga, na ulitaka kitu cha kuulainisha. Avelina alichukua karai akaenda kwa Rhoda, mwanamke wa Kisukuma ambaye watu wake walishuka na ng'ombe kutoka Shinyanga wakajenga zizi ng'ambo ya Pito. Walirudi wawili, kila mmoja na karai la mavi ya ng'ombe kichwani.

Bertilla aliwaona akaziba pua. "Jamani, mama Leonia! Mavi sebuleni? Wageni watakula wali humo?"

"Yakikauka hayanuki," alisema Rhoda. "Ninyi Wafipa mna maajabu. Mavi ya ng'ombe wangu mnayaogopa, maziwa yake mnayafuata na vibuyu asubuhi na mapema."

"Maziwa ni maziwa."

"Njoo ukande. Wewe si ndiye fundi wa kunyonyoa kuku?"

Bertilla alisimama kidogo. Kisha alifunga kanga yake vizuri kiunoni, akainama, akatia mikono yote miwili, macho amefumba. Alikanda hadi jioni. Ukuta ule haukupasuka tena.

Udongo mweupe waliuchimba bondeni Jumatano, wakauchuja kwa kitambaa, wakaupaka Alhamisi alfajiri, mara mbili. Chini, usawa wa kiti, kuzunguka chumba chote, Avelina alichora mstari wa udongo mwekundu wa upana wa kiganja, ulionyooka bila kamba wala rula. Kasimiri alisimama mlangoni akiutazama. Alikuwa ameonekana mdogo ndani ya koti lake miezi mingi. Sasa koti lilimkaa.

"Umenyooka," alisema.

"Magazeti yako pia yalinyooka," alisema Avelina. "Mkono wangu ulijifunzia hapo."

Ukuta mmoja tu ndio uliowatia mashaka, ule wa kusini usiopata jua. Jioni ya Alhamisi ulikuwa bado baridi ukiuwekea shavu. Kasimiri alileta jiko la mkaa akaliweka chini yake, akalisogeza kidogo kidogo. Ijumaa asubuhi haukuwa umekauka. Hawakuwa na la kufanya. Avelina aliagiza viti vya upande ule visogezwe mbele, na Bertilla akaambiwa aonye watu.

Watu wa Msanzi walifika saa sita kwa lori, kumi na wanne, wanaimba. Wakulima wa mahindi na ulezi, wamevaa nguo za kanisani, vumbi la njiani limewatia kope nyeupe. Mbele yao alishuka Coleta, shangazi wa bwana harusi, mwanamke mpana mwenye suti ya bluu iliyoiva, iliyopigwa pasi hadi mikunjo ikawa na makali. Alisalimu, akapokea shikamoo za vijana, akaingia, akasimama. Alitazama juu, akatazama chini, akaufuata ule mstari mwekundu kwa macho chumba kizima hadi uliporudi mlangoni. Avelina alimvutia kiti.

Baltazari alikuja wa mwisho, na tai, akiwa na watu wawili aliotaka wamsikie akihutubia. Hakuwaamkia wenye nyumba. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha mbele chenye mikono, kile kilichotandikwa kitambaa, akaketi, akaanza kukohoa kikohozi cha hotuba. Kasimiri alibaki amesimama, mikono imening'inia. Wageni walitazamana.

Leonia alitoka chumbani kabla ya kuitwa. Binti anayetolewa hatakiwi kutoka kabla ya kuitwa, lakini alitoka, akapiga goti mbele ya baba yake mdogo, akamshikia kigoda kwa mikono miwili.

"Baba mdogo, shikamoo. Hiki hapa ni chako. Hicho ni cha baba."

Alisema kwa upole hivi kwamba hapakuwa na pa kukasirikia. Baltazari alimtazama, akawatazama watu wake wawili, akanyanyuka. Kigoda kilikuwa kifupi, magoti yakampanda hadi kifuani.

Kasimiri hakuketi. Alisema akiwa amesimama.

"Mimi ndiye baba yake. Duka sina, na wiki hii hata kazi sina, msije mkaambiwa njiani. Huyu tumemlea humu ndani. Anajua kulima, anajua kusoma, na anajua kusiriba ukuta ukasimama. Mkimkuta na kosa, msimrudishe haraka. Mwambieni mara mbili, anasikia. Na ninyi mkiwa na kosa, atawaambia, maana ni mtoto wa mama yake."

Watu walicheka, wakapiga makofi, na Coleta, ambaye lori lilikuwa limemchosha kiuno tangu asubuhi, alicheka kuliko wote, akajisogeza nyuma na kiti chake kisicho na mgongo apate pa kujilaza. Akauegemea ukuta wa kusini, mgongo wote.

"Shangazi!" Leonia alipiga kelele.

Alikuwa amechelewa. Coleta alijinyanyua, na chumba kizima kikaona: kuanzia mabegani hadi kiunoni ile suti ya bluu ilikuwa nyeupe, na chini kwenye nyonga kuna mstari mwekundu. Kicheko kilikatika. Baltazari alisema, si kwa sauti ndogo sana, "Nilisema mimi." Avelina alikuwa tayari amefika na kitambaa kilicholoa, ameinama, anasema, mama, nisamehe, mama, ule upande haujakauka.

Coleta alijigusa begani. Alitazama kidole, akakinusa, akakisugua kwa dole gumba.

"Udongo wa wapi huu?"

"Wa bondeni hapa chini, mama."

"Mmechuja?"

"Tumechuja."

"Nani amepaka?"

Avelina aliacha kuinama. "Mimi," alisema. "Mimi na binti. Na mume wangu."

Shangazi alimgeukia Kasimiri, akamtazama mikono, ambayo ilikuwa na mapengo ya ngozi, kisha akaurudishia macho ukuta.

"Ondoa kitambaa chako, mama," alisema. "Usinifute. Msanzi kuna watu waliniambia tunakwenda kuoa kwenye nyumba ya magazeti. Nitapanda lori hivi hivi nilivyo, na nikifika nitashuka nimewapa mgongo, wausome."

Na ndivyo alivyofanya. Leonia alitoka kwenye mlango wa mama yake ameshikwa mkono na shangazi, vigelegele vya Rhoda na Bertilla vikiwafuata, wakapanda nyuma ya lori wakasimama wameshikilia bomba. Lori lilipokata kona kushika barabara kuu, mtu hakuweza tena kutambua nani ni nani kati ya wale waliosimama. Mgongo mmoja tu ndio ulioonekana, mweupe, hadi mbali.